Mbinja ya Roberval

Ufunguo wa kibanda aliachiwa Fernande
na wahandisi wa mjini, waliokuja na waya mrefu
wakautandaza juu ya misonobari kama waanika nguo,
wakamwonyesha: tepu hii toa, hii weka,
andika saa. Kingine usiguse.
Akagusa. Akavaa visikizio
akaisikia mbingu inapiga mbinja:
juu kwanza, kisha chini, chini,
kama mtu anayemwita mbwa
halafu akakumbuka kwamba mbwa alikufa.

Mwanawe Réjean yuko kwenye barafu ya kusini.
Ndege ya mwisho ya Februari ilileta barua yake:
"Mama, uzi mmoja wa sumaku unatoka hapo kwenu,
unapanda kilomita karibu elfu ishirini, unapinda,
unashuka hapa nilipo.
Uzi huo si mtupu. Una plazma ndani,
si ile yenye hasira inayoipaka anga rangi.
Hii ni pole. Haina haraka. Inatoka huko juu ya paa lako."

Mchana jua huzichuna atomi za hewa nyembamba,
oksijeni ikabaki na chaji isiyoihitaji,
ikamvisha hidrojeni kama koti,
naye, mwepesi, akapanda na uzi.
Usiku jua likishafunga mkono
ghala la juu hurudisha: hushuka matone
ionosfia isife njaa hadi alfajiri.
Huko kukopa si harusi
wala kulipa si matanga.

Machi jua likachafuka.
Usiku mmoja tu, ghala likapukutishwa,
na mbinja zikaja fupi, kali,
maana hazikuwa na kitu cha kupenya,
kama kelele za watoto kwenye nyumba iliyohamwa.
Fernande hakujua neno msongamano.
Kwenye daftari, penye nafasi ya maoni, aliandika: Bwawa limekauka.
Kesho yake: Bado.
Kesho yake: Bado.
Siku ya sita mbinja ikajivuta, ikanenepa, ikasita
kabla ya kuzama. Akaandika: Linajaa.
Wahandisi walimpigia simu kumuuliza bwawa gani.

Julai, baada ya joto la siku tatu,
radi ilipiga ghala la nyasi.
Ghala hili la mbao, la marehemu Adélard,
lenye jina lake limechongwa kwa kisu mlangoni.
Farasi jike alikuwa ndani.
Majirani walikuja na ndoo, wakasimama nazo.
Asubuhi alikwenda kibandani
akiwa bado na masizi shingoni,
akatoa tepu, akaweka tepu,
akaandika saa.

Barua ya pili ilifika Desemba, theluji imefika dirishani.
"Tarehe kumi na tisa Julai, saa nne na dakika saba
za usiku wenu, nimenasa mbinja
safi kuliko zote za msimu huu.
Niliwaamsha wenzangu. Tulipiga makofi, Mama,
wanaume wanne wenye ndevu za barafu.
Radi hiyo ilikuwa karibu sana nanyi.
Niambie, mvua ilinyesha?"

Anaisoma akiwa amesimama. Anaisoma ameketi.
Tepu ya usiku ule hakuipeleka mjini;
imo kabatini, nyuma ya jamu.
Anairudisha kibandani, anaisogeza hadi saa nne na dakika saba.
Mpasuko. Hapo ndipo farasi.
Kimya cha sekunde mbili na kitu,
kisha mbinja, imekwenda hadi miguuni pa mwanawe
ikageuka ikarudi,
imechoka, imerefuka, mara mbili imepita
katikati ya kile ambacho ardhi hii
iliweka juu, chembe kwa chembe, kila mchana.

Anairudia. Anairudia tena.

Ndege ya posta itaondoka Alhamisi.
Anachonga penseli kwa kisu cha Adélard.
Ilinyesha, anaandika. Ilinyesha sana.
Kisha, chini kabisa, pembeni:
Vaa soksi mbili.